Gobore na baruti yake: unga usio na moshi si mbadala

KATIKA vijiji vya wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, adui wa kibanja huja mchana kweupe. Ngedere huvunja mahindi mabichi na kula ndizi. Nguruwe pori husubiri usiku, wakafukua mihogo. Silaha ya kale ya kuwakabili ni gobore, linalojazwa kupitia mdomo wa mtutu: baruti kwanza, kisha kizibo, mwisho vipande vya risasi, vyote vikishindiliwa kwa mdeki.

Suala zito ni baruti ipi itumike. Kwa gobore jibu ni moja: baruti nyeusi, yaani mchanganyiko wa shura, kiberiti na makaa. Moshi wake ni mwingi na uchafu wake hula chuma, lakini shinikizo lake ni la wastani. Kuzidisha kipimo, hata hivyo, ni hatari.

Baruti isiyo na moshi, iliyobuniwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, ina tabia nyingine. Kadiri inavyobanwa ndivyo inavyoungua kwa kasi, na kasi hiyo huzidisha shinikizo. Ndiyo maana wawindaji wa ng'ambo wanaojijazia risasi za bunduki ndogo za kuulia wanyama waharibifu huchagua unga kwa kutazama ukubwa wa ganda na uzito wa kichwa cha risasi, kisha huupima kwa mizani wakifuata majedwali ya kiwanda. Risasi ya .223 Remington, kwa mfano, ina ukomo wa shinikizo wa pauni 55,000 kwa inchi moja ya mraba. Unga wa bastola, ambao huungua upesi zaidi, unaweza kuvuka ukomo huo hata ganda likiwa halijajaa.

Anayefungua risasi ya kisasa na kumimina unga wake ndani ya gobore anaweza kupasua mtutu, akapoteza vidole au jicho. Neno lenyewe huchangia mkanganyiko, kwani hata vilipuzi vya kupasulia miamba huitwa baruti.

Kuenea kwa magobore kuna historia. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaruhusu kwa masharti zile za gumegume na baruti ya kawaida. Mwaka huohuo Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Wajerumani katika koloni hilo walikuwa bado na bunduki za baruti nyeusi, ambazo moshi wake uliwafichua walipojificha.

Leo kumiliki bunduki kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Gobore lililofuliwa kienyeji kwa bomba la maji lina kasoro nyingine: bomba hilo halikuundwa kuhimili mlipuko, hata wa baruti nyeusi, na likiwa na mshono, hapo ndipo hupasukia.