Subira ya Ndoano na Subira ya Taa

Crappie ni samaki bapa wa maziwa ya Amerika Kaskazini, mwenye mdomo mwembamba kiasi kwamba ukimvuta kwa pupa ndoano huuchana, naye akaenda zake. Majani yanapoanza kupukutika, kumvua huwa kazi ya polepole. Maji ya juu ya ziwa hupoa, huwa mazito na kuzama, ya chini hupanda, na kwa muda ziwa zima huwa linajipindua. Samaki waliokuwa wamekaa pamoja hutawanyika. Mvuvi wa Texas au Mississippi husogeza boti juu ya mti uliozama, hushusha chambo kidogo, kisha hunyamaza. Huenda akanyamaza asubuhi nzima.

Ukimya huo una vitabu nyuma yake. Izaak Walton, mfanyabiashara wa London, alichapisha *The Compleat Angler* mwaka 1653, na tangu hapo Waingereza na Wamarekani wamezoea kumwona mvuvi wa ndoano kuwa mtu wa tafakuri aliyeketi kando ya maji. Kinachosahaulika ni mwaka wenyewe. Uingereza ilikuwa imetoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, mfalme Charles I alikuwa amekatwa kichwa mwaka 1649, na Walton alikuwa upande ulioshindwa. Utulivu wa kitabu chake ni wa mtu aliyechoshwa na habari za mjini. Msomaji wa Nyabiondo, mashariki mwa Kongo, ambako familia zimekimbia na kurudi mara nyingi, huenda akakielewa haraka kuliko maprofesa.

Wachina nao wana mzee wao wa mtoni, Jiang Taigong, anayesimuliwa kuwa alivua kwenye mto Wei kwa ndoano iliyonyooka. Alikuwa akimngoja mfalme, na mfalme Wen akaja. Samaki hapo ni kisingizio.

Nyabiondo haina ziwa. Iko kwenye milima ya Masisi, njia ya kwenda Walikale, na mito ya huko hushuka kuelekea Lowa, kisha Lualaba. Ukitaja samaki wa ziwa Kivu Kaskazini, jina la kwanza kutajwa ni sambaza. Naye ni mgeni: aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, enzi za Wabelgiji, kwa kuwa sehemu ya katikati ya Ziwa Kivu haikuwa na samaki wa kula vijidudu vilivyojaa humo.

Kivu ni kinyume kabisa cha ziwa la crappie, maana halijipindui. Lina kina cha zaidi ya mita 470, na huko chini limefungia takribani kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksidi na 60 za methani. Ziwa Nyos la Kameruni, dogo mno ukililinganisha nalo, liliporusha gesi yake Agosti 1986, watu zaidi ya 1,700 walikufa. Kujipindua kwa ziwa, kunakomkera mvuvi wa Texas kila mwaka, kungekuwa msiba kwa Goma na Bukavu. Maji ya Kivu huchanganyika tabaka la juu tu, zaidi wakati wa kiangazi, upepo unapoyakoroga hadi mita 60 hivi na kupandisha chakula cha sambaza.

Jioni mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu huondoka ufukweni. Mmoja huanzisha wimbo, wengine hupokea, na makasia hufuata wimbo. Wavu hushushwa, taa huwashwa, kusubiri kunaanza: vijidudu hufuata mwanga, sambaza hufuata vijidudu. (Wamarekani nao huning'iniza taa usiku kumvuta crappie kwa hila ile ile.) Mbalamwezi ikiwa kali, taa hupoteza nguvu na kazi husimama. Siku hizo mvuvi hasubiri kwa kupenda, na deni la dukani haliujui mwezi.

Wapo wanaosema Mzungu huvua kwa starehe na Mwafrika kwa njaa. Huo ni uvivu wa kufikiri. Crappie ni mtamu wa kukaanga, na watu wa kipato kidogo kusini mwa Marekani, weusi kwa weupe, wamemla miaka yote. Tofauti ninayoiona mimi iko kwa mwenye maji, yaani anayeombwa ruhusa kabla ya kuvua. Sheria zinamtambua kila mahali: Texas humruhusu mtu crappie 25 kwa siku, wa inchi 10 kwenda juu, Rwanda hufunga uvuvi wa sambaza kwa takribani miezi miwili kila mwaka. Lakini katika fasihi ya Walton mwenye maji haonekani. Kuna mtu, kuna samaki, kuna mandhari nzuri.

Katika utenzi wa Mwindo wa Wanyanga wa Walikale, uliosimuliwa na Shé-kárisi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, maji yana wenyewe. Shemwindo anamfungia mwanawe Mwindo ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto hazami. Anasafiri akiimba kwenda kwa shangazi yake Iyangura, mke wa Mukiti, nyoka aliye bwana wa maji, na njiani anawaambia samaki wampishe. Musoka, dada wa Mukiti, anamzibia njia. Mwindo anapita chini ya mchanga. Shujaa aliyezaliwa akitembea na kusema hapati njia ya bure majini.

Ndiyo maana kuhusu Kivu namweka Rureke mbele ya Walton, ingawa Walton namsoma kwa raha zaidi. Nyavu za macho madogo, mpaka unaoligawa ziwa kati ya nchi mbili, mtambo wa KivuWatt unaofua umeme kwa methani upande wa Rwanda: yote yanarudi kwenye suala la nani aombwe ruhusa. Walimu wa fasihi wa Masisi na Walikale, msimfundishe Mwindo kama mtoto wa ajabu tu. Msomeni darasani pamoja na kanuni za kufunga ziwa.