Msimu wa Senene Kagondo

Nchi za kaskazini ya dunia zina majira ya machipuo, na washairi wake wameyasifu tangu kale kwa kuwa hufuata baridi kali. Kagondo haina majira hayo. Jina hilo lapatikana mahali pawili katika Mkoa wa Kagera, ndani ya Manispaa ya Bukoba na katika Wilaya ya Muleba. Mahali pote pawili hapakufika digrii mbili kusini ya Ikweta, na migomba yake ni mibichi mwaka mzima. Walakini watu wake wana majira yao ya furaha, nayo hayaletwi na ua bali na mdudu.

Mdudu huyo ni senene, panzi mwenye vipapasio virefu, wa rangi ya kijani au hudhurungi. Huruka usiku kwa makundi makubwa wakati wa vuli, katika Novemba na Desemba, na kwa uchache katika Aprili na Mei. Kwa Waganda, majirani wa kaskazini, mwezi wa Novemba umepewa jina lake: Musenene.

Zamani mavuno yake yalikuwa kazi ya wanawake na watoto. Walitoka vibanjani alfajiri, wakaingia katika rweya, yaani mbuga za majani zilizo baina ya kijiji na kijiji, kabla jua halijakausha umande. Senene aliyelowa na kushikwa na baridi haruki upesi. Walirudi nyumbani wakamnyonyoa mabawa na miguu, wakamkaanga katika mafuta yake mwenyewe kwa chumvi kidogo, au wakamkausha awe akiba.

Nyoyo zilibadilika pamoja na mbingu. Jioni ya mawingu ilileta matumaini. Asubuhi ya kundi kubwa ilileta vicheko na mashindano njiani. Asubuhi ya rweya tupu iliwarudisha watu kimya, vikapu vikiwa vyepesi. Kisha msimu ulikatika ghafula kama ulivyoanza, na kila mtu akarudia ndizi na maharagwe yake.

Lakini furaha hiyo haikugawanywa sawa. Mwanamke aliamka gizani, akalowa, akakamata, akanyonyoa, akakaanga, mwanamume akala. Mwiko wa Wahaya ulimkataza mwanamke kuonja senene. Katika nchi hizi za Ziwa ilisemwa kwamba mwanamke akimla atazaa mtoto mwenye kichwa kama cha panzi. Hofu ya namna hiyo ni mlinzi hodari kuliko fimbo, maana humfuata mtu hata jikoni, mahali asipoonwa na mtu. Kwa Waganda, mume aliyeletewa senene alipaswa kumpa mkewe nguo. Zawadi hiyo ilikuwa heshima. Kadhalika ilikuwa ungamo, kwani asiyedaiwa halipi.

Mwaka 1958 P. O. Mors alichapisha makala juu ya panzi kuwa chakula cha Wahaya, na kwa hiyo jambo la jikoni likaingia katika vitabu vya wataalamu. Wakati huo nchi yenyewe ilikuwa katika mabadiliko. Shule, dini mpya, fedha za kahawa na maisha ya mjini vilikuwa vimekwisha kulegeza miiko mingi. Mwiko wa senene haukufutwa na amri. Ulichakaa kidogo kidogo, kama nguo ivaliwayo kila siku. Leo wanawake wengi humla hadharani, humwuza sokoni Bukoba, na humfungasha awe zawadi kwa jamaa walio Dar es Salaam.

Hata hivyo usawa haukutimia kwa sahani peke yake. Siku hizi senene hunaswa pia kwa taa kali na mabati yaliyosimamishwa juu ya mapipa: mdudu hufuata mwanga, hugonga bati, huteleza ndani. Mtego huo wataka umeme na mtaji. Mama mwenye kikapu, aliyekuwa na mavuno lakini hana ruhusa ya kula, sasa ana ruhusa. Lakini pengine hana budi kununua kile ambacho bibi yake alikiokota bure katika umande.

Basi anayeandika historia ya Kagondo asiipite starehe ya siku chache kwa kuiona ndogo. Katika ladha ya senene mmoja pana habari za nani aliamka mapema, nani alikatazwa, na nani alikula.