Jani Lenye Makali

Kwenye ukaguzi wa mizigo, uwanja wa ndege wa Moi kule Changamwe, mama aliyekuwa mbele yangu aliulizwa mfuko wake wa kaki una nini. "Dawa, mwanangu." Kijana akaufungua, akanusa unga wa muarobaini. "Dawa ya nini?" "Ya saratani. Ndugu yangu yuwaumwa."

Neno dawa tumelitwika mengi. Kuna dawa ya kikohozi, ya mbu, hata ya mapenzi, na hakuna asemaye dawa ya panya humtibu panya. Ila gazeti likiandika kwamba mmea fulani "unatibu saratani", mara nyingi kilichofanyika ni hiki: maji ya mmea yalitiwa kwenye seli za saratani zinazokuzwa maabara ndani ya visahani vya plastiki, seli zikafa au zikaacha kugawanyika. Ukizitia jiki zitakufa vilevile. Ndiyo maana mtafiti makini hutia dawa ileile kwenye seli nzima pia, aone kama zitasalimika.

Sifa hiyo ya kuua seli, wengine huiita utendaji, neno lenye harufu ya ofisini. Mimi nashikilia makali. Tayari twasema dawa hii ina makali, na kila mtu ajua makali humkata hata aliyeyashika. Muarobaini nao umeonyesha makali hayo maabara; ndugu wa yule mama bado hajaahidiwa kitu.

Ng'ambo ya Likoni, kwenye msitu wa Shimba Hills, Kwale, hakuna neno jingine litakalotosha. Miaka ya 1970, kwa ajili ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, zilivunwa tani 27 za kichaka kiitwacho Maytenus buchananii. Wavunaji waliporudi miaka minne baadaye, kilikuwa hakijachipua vya kutosha, wakapata kwa taabu. Walichokitafuta ni kemikali ya maitansini, iliyotengwa na kundi la mwanakemia Morris Kupchan mwaka 1972. Hushika protini ya tubulini, seli ikashindwa kugawanyika, na kiasi kidogo mno chatosha. Wagonjwa walipopewa, iliwadhuru kuliko kuwafaa, ikawekwa kando. Makali ilikuwa nayo tele.

Baadaye wanakemia waliirekebisha, wakaifunga kwenye kingamwili inayozitafuta seli zenye alama ya HER2, iachiliwe humo ndani. Mwaka 2013 Marekani iliiidhinisha kwa saratani ya matiti. Hapo ndipo neno tiba lilipostahili kuandikwa, miaka 41 baada ya maitansini kutengwa.