Kuhama chuo hakufuti mwaka wa kwanza

Kila mwaka matokeo yakitoka, kuna mdogo wetu mwenye anauliza: "Nilianguka, naweza kuhamia univerisite kubwa nianze upya?" Hata mi nilikuwa na swali hilo.

Mwaka wa kwanza niliusomea kwetu Likasi, mu chuo kimoja kidogo, fakulte ya historia. Nilianguka. Nusu ya kosa ni yangu: nilikosa masomo mengi, na mtihani nikauandaa usiku mbili. Nusu ingine ni maktaba: kabati moja yenye kufuli, na mwenye funguo mara nyingi hayuko.

Mpango wangu ulikuwa kwenda Lubumbashi bila kuonyesha releve ya pointi, mtu asijue. Babu akacheka: "Weye mutoto, kuhama si kujificha. Siye batu ya 71 tulihamishwa, na hakuna mwenye alisahau kwenye alitoka."

Ndipo akanieleza, na baadaye nikayasoma mwenyewe. Lovanium ilifunguliwa 1954 mu mji tunaoita leo Kinshasa. Chuo cha serikali kilianza Élisabethville, ni kusema Lubumbashi, mwaka 1956. Waprotestanti wakafungua chao Stanleyville, ndiyo Kisangani, mwaka 1963. Tarehe 4 mwezi wa sita 1969, askari waliwapiga risasi wanafunzi waliokuwa wanaandamana Kinshasa. Miaka miwili nyuma, wenzao walipotaka kuwakumbuka wale wafu, Mobutu alifunga Lovanium na kuwaingiza wanafunzi jeshini. Babu alikuwa mmoja wao.

Mwezi wa nane 1971 vyuo vyote vitatu viliunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, na fakulte zikagawanywa. Udaktari ulibaki Kinshasa, saikolojia ikapelekwa Kisangani, historia na lugha zikaja Lubumbashi. Kijana aliyeanza masomo karibu na mto Kongo alijikuta Katanga, na hakuna aliyemuuliza kama anataka. Vyuo vilitenganishwa tena 1981 tu.

Nilimuuliza Babu: mulifanya namna gani? Akasema: "Kila mutu alikuja na kayee zake. Mwenye alikuwa nazo, aliendelea. Mwenye alikuja mikono mitupu, alianza kuomba."

Basi nikaenda na releve yangu vile ilivyokuwa. Pale kwenye kujiandikisha waliisoma mbele yangu, mistari yote. Wakanipokea, lakini mwaka wa kwanza tena. Baba akalipa minervali mara ya pili, kwa pesa ya kuuzisha unga. Alihesabu noti mezani mara mbili, hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Huku maktaba inafunguliwa, lakini kazi nayo ni kubwa. Mtihani wangu wa kwanza, somo la kuchunguza ushahidi wa historia, nilipata 8 juu ya 20. Chuo kilikuwa kimebadilika, mi nilikuwa bado yule wa usiku mbili. Hapo ndipo nilianza kuandika kayee zangu kila jioni. Mwisho wa mwaka nilipita.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kama unaweza kuhama, hama. Ila wale wa 71 walihamishwa kwa amri, na hakuna aliyewadai maelezo. Weye unahama kwa mapenzi yako, na kuna mtu nyumbani anauzisha unga. Releve yako itakutangulia mlangoni. Jua mbele ni nini utaijibia.