Baraza la Mafundi: Cherehani na Chandarua katika Bonde la Kilombero

Ndugu wanachama wenzangu, na ninyi vijana mnaoyakalia sasa madawati yetu,

Darasani tulifundishwa historia ya bonde hili kwa njia ya vita vya Maji Maji, wamisionari na reli. Sikatai kwamba hayo ni mambo makubwa. Lakini mimi, baada ya kumaliza Kidato cha Nne, nilikaa miaka mingi nyuma ya cherehani hapa Ifakara, na kutoka kwenye kiti kile historia huonekana kwa namna nyingine. Huonekana kwa kitambaa kinacholetwa mezani, na zaidi kwa kile kisicholetwa.

Mzee aliyenifunza kazi aliita "marekani" kila kitambaa cheupe kisicho na maua, hata kilichotoka kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam. Jina hilo lina umri mkubwa. Tangu miaka ya 1830 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Unguja kitambaa cha pamba, na misafara ikakipeleka bara. Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, pamba yao ilikatika na viwanda vya Bombay vikaingia sokoni. Kitambaa kikabadili nchi, jina likabaki.

Utaratibu wa kazi ulikuwa rahisi. Mwenye duka huuza kitambaa ndani, fundi hukaa barazani. Mteja akitoka na yadi zake tatu hupimwa palepale, mbele ya wapita njia wote, kwa hiyo mji mzima ulijua nani kanenepa.

Kisha ikaja TAZARA, iliyoanza kujengwa 1970 na kukabidhiwa rasmi Julai 1976. Watu hukumbuka treni. Sisi tulikumbuka kwamba gharama za ujenzi zilizolipwa kwa fedha ya hapa nchini zilipatikana kwa kuuza bidhaa za Kichina katika maduka ya umma. Cherehani yangu ya kwanza ilikuwa Butterfly ya Shanghai, nami niliinunua kwa mtu aliyekuwa nayo tangu miaka ile. Pasi ya mkaa niliazima.

Mwaka 1977 serikali ikaanza kutekeleza elimu ya msingi kwa wote, na kila mtoto akahitaji sare. Haukupita muda, kitambaa kikaadimika. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, na ukosefu wa fedha za kigeni za kununulia vipuri vya viwanda, vyote vilitufikia barazani katika sura moja: hakuna kaki. Ikifika, ni kwa mgao. Mzazi alikuja na suruali ya baba iliyokwisha magotini. Tuliifumua yote, tukageuza upande wa ndani uwe nje, maana huko rangi ilikuwa haijapauka, tukatoa kaptula ya mtoto. Uzi ulipokosekana, tulichomoa nyuzi za mifuko. Baadhi yenu mnaosoma gazeti hili mliingia shuleni na kaptula za namna hiyo, na sitawataja!

Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi. Mwaka uliofuata bajeti ikaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na mitumba, tuliyoiita kafa-ulaya, ikarudi kwa wingi. Wengi walisema cherehani imekufa. Ilikuwa nusu ya kweli: mashati mapya yalipungua sana, tukawa watu wa kupunguza viuno na kukata miguu ya suruali.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mpunga wetu hulimwa mbali na kijiji. Familia nyingi huhamia shambani msimu wa kilimo, zikalala kwenye madungu na vibanda vya nyasi mpaka mavuno, na mbu wa bondeni hawasimuliki. Enzi zile niliona vyandarua vya dukani kwa watu wachache tu. Mwingine alikuja kwetu na marekani, au shuka kuukuu. Kitanda cha futi nne kwa sita hutaka paa la kipimo hicho, ukuta wa futi ishirini kuzunguka pamoja na ziada ya kupishana mlangoni, vitanzi pembeni, na pindo pana la kuchomekwa chini ya mkeka. Ndani yake ni joto la tanuri. Watu walilala hivyohivyo.

Mwaka 1997 mradi wa KINET ulianza kuuza vyandarua na dawa ya kuvichovya, kwa jina la Zuia Mbu, katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Katika miaka mitatu watoto wachanga wenye vyandarua walipanda kutoka chini ya asilimia 10 hadi zaidi ya 50. Watafiti walichapisha mwaka 2001 kwamba chandarua chenye dawa kiliongeza uhai wa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne kwa asilimia 27. Vyandarua hivyo havikushonwa na sisi, na sifa ya dawa si yetu. Lakini naamini mama wa bondeni hakuhitaji kufundishwa kulala ndani ya kitambaa. Hilo alilijua tangu barazani. Tena vilipochanika kwa miti ya dungu, vilirudi kwetu kutiwa viraka.

Karibu na 2019 watafiti wa Ifakara walitoa matokeo ya jaribio jingine: vitambaa vya gunia vilivyotiwa dawa, vikafungwa chini ya paa la vibanda vya wakulima wanaohamia mashambani. Niliposikia nilicheka kwa furaha. Gunia tena!

Nimezunguka mitaa kutafuta chandarua kimoja cha marekani, sikupata. Vingi viliishia kuwa nepi na matambara ya jikoni. Mwenzetu aliye na kimoja sandukuni, hata kama kina matundu, akilete siku ya mkutano tukipime na kukipiga picha.