Kindu: Mashine ikiingia mahakamani, nani atasikilizwa?

Jamaa mliokimbia vijiji vyenu, habari hii inatugusa.

Septemba 2018, mahakama ya kijeshi huko Bukavu iliwatia hatiani makamanda wawili wa FDLR kwa mauaji ya mwaka 2012 huko Kamananga na Lumenje, Kivu Kusini. Kati ya ushahidi kulikuwa picha za simu, zilizopigwa kwa programu ya eyeWitness inayohifadhi tarehe na mahali. Ile haikuwa akili bandia; simu ililinda tu ukweli.

Leo Tanzania mahakama zimeanza kutumia akili bandia kuandika na kutafsiri maneno ya kesi. Kwetu ingefaa: karatasi za mahakama ni za Kifaransa, mama aliyepoteza shamba anasema Kiswahili.

Lakini mashine inaweza pia kubuni. Mwaka 2023, New York, mawakili walitozwa faini ya dola 5.000 kwa kuleta kesi zilizotungwa na ChatGPT. Na Kiswahili chetu cha Maniema, itakielewa? Neno moja likikosewa, shamba limeenda.

Basi mashine iandike, lakini maneno yasomwe tena mbele ya aliyeyasema. Kuhukumu kubaki kazi ya hakimu.