Fundi: Neno moja, kazi nyingi

UKISEMA katika kata ya Mabawa, jijini Tanga, kwamba unamtafuta fundi, utaulizwa kwanza: fundi gani?

Peke yake, neno hilo humtaja mwenye ujuzi bila kueleza ujuzi wa nini. Ndiyo maana hufuatwa na jingine: fundi mwashi, fundi seremala, fundi bomba, fundi umeme, fundi cherehani, fundi saa.

Fundi ni jamaa ya maneno funda, fundisha, mafunzo na mwanafunzi. Ni mtu aliyefundwa kazi akaimudu. Kizulu kina shina hilohilo, ila kwao ukufunda ni kujifunza. Katika Kiingereza cha Afrika Kusini, "fundi" ni bingwa wa jambo lolote, hata kama hajawahi kushika nyundo.

Kiswahili nacho hakikuishia kwenye nyundo. Mchezaji hodari wa soka husifiwa kuwa ni fundi, na katika ngoma za pepo za pwani fundi ni mganga anayeiongoza ngoma. Kutokana na neno hilo tumepata ufundi, kama katika jina la Shule ya Sekondari ya Ufundi Tanga.

Katika ajira rasmi maana hubanwa. Fundi mchundo hufanya kazi za mikono. Fundi sanifu humzidi kwa elimu, na juu yao yupo mhandisi. Kwenye ujenzi yupo pia saidia fundi, anayekoroga zege na kubeba matofali kwa ujira mdogo, akitazamia siku atakayeitwa fundi bila ya "saidia".

Wengi hujifunza kwa njia hiyo, bila kuingia darasani. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha vyuoni na pia hupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini.

Hata hivyo, mjuzi na mbabaishaji huitikia jina moja, na hapo ndipo mwenye nyumba hupoteza fedha zake. Mitaani mbabaishaji ana lakabu yake, fundi maiko, lakini mara nyingi hupewa baada ya ukuta kupasuka au bomba kuvuja.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa malipo ya awali, ni vyema kuuliza mambo matatu: ni fundi wa nini, alifundwa wapi, na ni kazi yake ipi inayoweza kwenda kutazamwa.